Anasoma Huku Amefumba Macho: Maswali ya Wazazi na Walezi

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wazazi na walezi wa watoto wa darasa la kwanza hadi la nne. Tumechagua zinazogusa matatizo yanayojirudia, tukazifupisha na kuondoa majina.

Swali: Walimu, habari za kazi. Mwanangu yuko darasa la pili. Kitabu chake cha kusoma anakimaliza chote bila kukwama. Juzi niliandika maneno yale yale kwenye karatasi nyingine, akakaa kimya. Sasa huyu anajua kusoma au hajui? *Mama wa mtoto wa darasa la pili*

Jibu: Mama, mwanao ana kumbukumbu nzuri, na hilo si jambo dogo. Ila kusoma bado. Ameukariri ukurasa: picha inamkumbusha sentensi ya kwanza, na sentensi ya kwanza inaivuta ya pili. Darasani, watoto wanaposoma kwa pamoja, mtoto wa namna hii ni vigumu kumtambua, kwa sababu mdomo wake unakwenda na wa wenzake.

Mpime kwa upole, usimwambie kuwa ni mtihani. Funika picha kwa karatasi. Mwambie aanze na sentensi ya mwisho, halafu ya kabla yake. Kisha chukua silabi zilizomo humo humo kitabuni, uzipange zitoe maneno yasiyo na maana: *zube, lopika, temuso*. Anayejua kusoma atayasoma huku akicheka. Aliyekariri atakutazama wewe usoni akitafuta jibu. Andika pembeni zile silabi zilizomkwamisha; hizo ndizo kazi yenu, si kitabu kizima.

Kiswahili kinawabeba hapa. Irabu ni tano tu, kila moja ina sauti ile ile popote ilipo, na karibu kila silabi inaishia na irabu. Mtoto akishaelewa kwamba katika *ba be bi bo bu* kinachobadilika ni irabu peke yake, safu ya *da* na ya *ka* hazimpi tabu. Panapokwamisha ni kwingine, na ni pale pale kwa watoto wengi.

Pa kwanza ni *m* na *n* zinazosimama zenyewe. *Mtu* ni silabi mbili, *m-tu*. *Nchi* nayo ni *n-chi*. Mtoto aliyezoea kwamba konsonanti lazima ifuatwe na irabu atasoma “mutu”. Mpigishe makofi: kofi moja kwa *m* huku midomo imefumbwa, kofi la pili kwa *tu*. Pa pili ni konsonanti zilizoungana. Usimpe *mbwa* ghafla. Mjengee ngazi: *ba, bwa, mbwa*. Na kwa *kunywa*, anza na *nya*, nenda *nywa*, ndipo *ku-nywa*. Pa tatu ni *ng* na *ng’*. Andika *ngoma* na *ng’ombe* kwenye mstari mmoja, umwonyeshe ile alama ndogo ya juu, na umwambie kwamba inabadilisha sauti. Watoto wengi hudhani ni uchafu wa wino.

Halafu kuna maneno marefu, ambayo lugha yetu haina uhaba nayo. Akikuta *wanaotusaidia*, ataona *wana* kisha abahatishe “wanatusaidia”. Kata kadi ndogo, ifunike sehemu ya neno ambayo bado hajaisoma, na uisogeze kulia silabi moja moja: *wa-na-o-tu-sa-i-di-a*. Ni silabi nane. Akifika mwisho, alirudie neno zima kwa kasi ya kuongea, maana asipolirudia atabaki na vipande nane mkononi na maana itakuwa imempotea.

Dakika 10 kwa siku zinatosha. Tatu za silabi zilizomkwamisha, zisizidi tano kwa siku. Tano za kusoma maandishi ambayo hajawahi kuyaona. Mbili za mwisho usome wewe, yeye afuate kwa kidole. Akikwama, hesabu kimoyomoyo moja hadi tano kabla ya kufungua mdomo, kisha mpe silabi ya kwanza tu. Kila unapompa neno zima, anajifunza kukutazama wewe badala ya kuitazama karatasi.

Swali: Mtoto wangu wa darasa la tatu, kila hesabu ya kutoa anapata majibu ya ajabu. 52 toa 38 anaandika 26. Nimemweleza mara nyingi “kopa kwa jirani”, ananiitikia vizuri, kesho yake ni yale yale. Nafikiri hayuko makini. *Baba wa watoto wawili*

Jibu: Baba, yuko makini kuliko unavyodhani. Hiyo 26 haikutoka hewani. Tazama: 5 toa 3 ni 2. Halafu 2 toa 8 haiwezekani, kwa hiyo akageuza, 8 toa 2 ni 6. Anatoa ndogo kwenye kubwa popote zilipo. Ni kanuni aliyojitungia mwenyewe, na ilimfaa sana wakati wote alipokuwa akipewa hesabu kama 58 toa 32. Mpe 71 toa 46 na 63 toa 27. Akiandika 35 na 44, basi umeshalijua tatizo lake. (Majibu sahihi ni 25 na 36.)

“Kopa kwa jirani” haimsaidii kwa sababu hajui anachokopa. Anadhani ni moja. Ni kumi. Na hili halielezwi kwa maneno, linashikwa kwa mkono.

Tafuteni vijiti 52. Afunge mwenyewe mafungu ya kumi kumi kwa uzi. Atapata mafungu matano na vijiti viwili visivyofungwa. Mwambie: “Nipe vijiti 38.” Mafungu matatu atakupa bila wasiwasi. Kisha atatafuta vijiti vinane, na mbele yake vipo viwili. Hapo nyamaza. Ni sekunde ngumu kwa mzazi, lakini ndizo zenye somo lote. Watoto wengi wataishia kufungua fungu moja wenyewe. Likifunguka, ana vijiti 12. Akupe 8, vibaki 4, pamoja na fungu moja. Kumi na nne, na amekiona kile alichokopa.

Siku mbili za kwanza fanyeni hivyo bila daftari kabisa. Siku ya tatu, vijiti na daftari viende pamoja, safari hii akianza na mamoja: mkono ukifungua fungu, penseli ikate 5 na kuandika 4, na ile 2 iwe 12. Kila tendo la mkono liwe na alama yake kwenye karatasi. Siku ya tano, vijiti viwe mezani lakini vimefunikwa kitambaa, avifunue pale tu anapokwama. Mpe hesabu nne kwa siku. Ukimpa ishirini akiwa bado na kanuni yake ya zamani, ataifanyia mazoezi mara ishirini, na utakuwa umemkomaza kwenye kosa.

Akishatulia hapo, kuna shimo jingine linamsubiri: sufuri. Katika 400 toa 156 jirani hana kitu, na jirani wa jirani ndiye mwenye nacho. Fungeni mafungu kumi pamoja yawe bunda la mia. Mabunda manne yakawa matatu na mafungu kumi. Fungu moja likafunguliwa, yakabaki mafungu tisa na vijiti kumi. Sasa 10 toa 6 ni 4, 9 toa 5 ni 4, 3 toa 1 ni 2. Jibu ni 244. Mzoeshe kuhakiki kwa kujumlisha: 244 na 156 zirudi kuwa 400. Mtoto anayehakiki mwenyewe hahitaji kusubiri alama nyekundu ndipo ajue amekosa.

Swali: Mdogo wangu wa darasa la kwanza anahesabu vizuri hadi 29. Hapo anasimama, au anaruka hadi 50. Kwa nini? *Dada mlezi*

Jibu: Ni kwa sababu ya majina. Kuanzia *kumi na moja* hadi *kumi na tisa*, Kiswahili kinamwambia mtoto kila kitu waziwazi: kumi, na nyingine juu yake. Makumi hayako hivyo. *Sitini, sabini* na *tisini* zinafanana na sita, saba na tisa, kwa hiyo zina mahali pa kushikia. Lakini *ishirini* haifanani na mbili, *thelathini* haifanani na tatu, wala *arobaini* na nne, *hamsini* na tano, *themanini* na nane. Hizo tano lazima zikaririwe.

Acha kwa muda kuhesabu moja moja. Mwekee mafungu ya vijiti kumi kumi, ahesabu mafungu tu: kumi, ishirini, thelathini, akigusa kila fungu. Muulize: “Mafungu manne yanaitwaje?” Wiki moja au mbili ya hivyo, kisha mrudishe kwenye 28, 29… naye ataendelea. Akiandika *sabini na tatu* kama 703, ujue anaandika anachosikia, sabini kisha tatu. Mwonyeshe mafungu saba na vijiti vitatu, na nyumba mbili tu za kuandikia, makumi na mamoja.

Swali: Mimi ni bibi, sikubahatika kusoma. Ninaishi na wajukuu wawili, mmoja darasa la pili, mwingine la nne. Wakileta madaftari natazama tu. Nitawasaidiaje? *Bibi*

Jibu: Shikamoo, Bibi. Unaweza kuwasaidia sana, na baadhi ya mambo utayafanya vizuri kuliko mzazi aliyesoma, kwa sababu hutashawishika kuwapa majibu.

Kila jioni mwambie mmoja: “Funga daftari, unifundishe ulichojifunza leo.” Muhimu ni hilo daftari kufungwa. Anapojilazimisha kukumbuka, jambo linakaa kichwani kuliko kulisoma tena na tena. Akisema jambo usilolielewa, mwambie hujaelewa, akueleze kwa njia nyingine. Akikwama, ndipo afungue, atazame kilichompotea, afunge tena na kuendelea.

Akikusomea hadithi, sikio lako linatosha kujua kama anasoma kwa mtiririko au anaburuta. Mwisho muulize nani alifanya nini, kwa nini alifanya hivyo, na yeye angefanyaje. Akishindwa kabisa kujibu “kwa nini”, mwambie arudie ukurasa ule. Alikuwa anatamka bila kufuata maana.

Daftari nalo lina mengi ambayo huhitaji kusoma ili kuyaona. Ukurasa ulioachwa nusu. Alama nyekundu. Weka kidole kwenye alama hiyo na useme: “Hapa mwalimu amesahihisha. Nionyeshe jinsi inavyotakiwa.” Watoto wengi huona kosa, wakageuza ukurasa, na kosa likabaki pale pale hadi mtihani.

Na ongea nao sana, Bibi. Majina ya vitu na ya kazi, hadithi, vitendawili. Mtoto akikuta kitabuni neno ambalo sikio lake linalijua tayari, nusu ya kazi ya kulisoma imekwisha.

Swali: Mwanangu wa darasa la nne anaimba jedwali la kuzidisha lote. Nikimuuliza 7 mara 8 anaanza kuimba tangu 7 mara 1. Nifanye nini? *Mzazi*

Jibu: Anaujua wimbo, na wimbo una mlango mmoja tu wa kuingilia. Kinachotakiwa ni kila hesabu iwe na mlango wake.

Kwanza punguza mzigo mbele ya macho yake. Chora jedwali la 1 hadi 10, lenye vyumba 100. Mpangie vifuniko vya chupa safu 3 za 7 juu ya kipande cha boksi, kisha zungusha hilo boksi: sasa ni safu 7 za 3, na hakuna kilichoongezwa wala kupungua. Kwa hiyo 3 mara 7 na 7 mara 3 ni kitu kimoja. Futeni pacha wote, zinabaki hesabu 55. Futeni za 1, 2, 5 na 10, ambazo kwa kawaida mtoto wa darasa la nne anazo, zinabaki 21. Za 9 anazipata kwa kumi kisha kupunguza: 9 mara 7 ni 70 toa 7, yaani 63. Zinabaki 15. Za 4 ni kuzidisha kwa mbili, halafu kwa mbili tena: 7, 14, 28. Zinabaki kumi tu: 3×3, 3×6, 3×7, 3×8, 6×6, 6×7, 6×8, 7×7, 7×8 na 8×8. Mtoto aliyeambiwa akariri mia moja anakata tamaa; mwenye kumi anakunja mikono ya shati.

Ziandike kwenye kadi, swali mbele na jibu nyuma. Anza na mbili. Weka mafungu matatu: la kila siku, la kila baada ya siku tatu, la mara moja kwa wiki. Akijibu ndani ya sekunde tatu hivi bila kuimba, kadi inasogea fungu la mbele. Akikosa au akichelewa, inarudi la kwanza, bila kelele. Changanya kadi kila mara, maana zikifuatana kwa mpangilio ule ule anaanza kukariri mpangilio. Huu mwachano wa siku si mapambo. Tangu mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni kisha polepole. Kurudia muda mfupi kabla jambo halijapotea ndiko kunakolikaza. Dakika tano kila siku zinashinda saa nzima ya Jumapili.

Swali: Kazi ya nyumbani inatuchukua saa mbili, na inaishia kwa kilio. Nimeanza kumwandikia majibu ili alale. *Mama, mtoto darasa la tatu*

Jibu: Kwa darasa la kwanza na la pili, dakika 15 hadi 20 ni za kutosha, la tatu na la nne, kama nusu saa. Ni kipimo chetu, lakini baada ya hapo mtoto mchovu hujifunza kidogo mno. Muda ukifika, funga daftari hata kama kazi haijaisha, na mwandikie mwalimu mstari mmoja ulio wazi: “Amefanya hadi namba 6. Namba 7 hakuelewa neno ‘tofauti’.” Mstari huo una faida kwa mwalimu kuliko majibu kumi sahihi. Ukimwandikia majibu, mwalimu anaona darasa limeelewa, anasonga mbele, na mwanao anabaki nyuma bila mtu kujua. Kwa leo, kazi ianze kabla ya usingizi kumkaribia, na simu na televisheni zizimwe, yako pia.

Swali: Ana miaka sita, anaandika *b* mahali pa *d*, tena anatumia mkono wa kushoto. Jirani ananiambia nimbadilishe mkono. *Baba*

Jibu: Usimbadilishe. Mkono anaouchagua mwenyewe ndio wake, na kumlazimisha kutamharibia mwandiko na raha ya kuandika. Msaidie kukaa vizuri: karatasi iwe upande wa kushoto wa kifua, imelazwa ili kona yake ya juu kushoto iwe juu kuliko ya kulia. Ashike penseli mbali kidogo na ncha, kama sentimita 3, aone anachoandika. Akiketi na anayetumia kulia, yeye awe upande wa kushoto, viwiko visigombane.

Kuhusu *b* na *d*, hadi miaka saba au minane ni kosa la kawaida, kwa mkono wowote. Kikombe ni kikombe hata mpini ukigeuzwa. Herufi ndicho kitu cha kwanza kinachobadilika jina kwa kugeuzwa tu. Zifundishe kwa mwendo wa mkono. *b* inaanza na mti mrefu kutoka juu, kisha tumbo. *d* inaanza na tumbo, kisha mti. Azichore kubwa mchangani au ubaoni, akitamka “mti, tumbo” au “tumbo, mti”. Moja kwanza kwa wiki nzima hadi ikae, ndipo nyingine. Ukizileta pamoja siku moja unamchanganya upya.

Swali: Hesabu za namba anapata zote. Hesabu za mafumbo anakosa zote. *Mama, darasa la tatu*

Jibu: Pengine anasaka neno moja badala ya kusoma habari. Mpe hii: *Asha ana penseli 12. Ana penseli 5 zaidi ya Juma. Juma ana penseli ngapi?* Akijibu 17, ameona “zaidi” akajumlisha. Mwambie aweke penseli chini, asome mara mbili, kisha akusimulie habari bila namba yoyote: nani ana nyingi, nani ana chache? Halafu achore mstari mrefu wa Asha na mfupi wa Juma chini yake, aandike 5 kwenye ile sehemu iliyozidi. Mchoro utamwonyesha kwamba ni 12 toa 5. Jibu likipatikana, aliandike kwa sentensi kamili, “Juma ana penseli 7,” kisha arudi kwenye habari aone kama inakubali.

Swali: Anakosea sana kunakili kutoka ubaoni. Ni uvivu? *Mlezi*

Jibu: Pima kabla ya kumwita mvivu. Mpe anakili mistari mitatu kutoka kitabu kilicho mbele yake, na siku nyingine mistari mitatu mirahisi vile vile kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani umbali wa hatua sita. Akipatia ya karibu na kukosea ya mbali, au akikunja macho na kuinamisha kichwa, mpeleke akapimwe macho, na wakati unasubiri mwombe mwalimu amketishe mbele. Akikosea zote mbili kwa namna moja, huenda ananakili herufi moja moja na kupoteza mahali alipofika. Mzoeshe kuchukua neno zima kwa jicho, alitamke kimoyomoyo, ndipo aliandike. Pima na masikio: simama nyuma yake hatua mbili, mnong’oneze maneno kama *paka, baka, taka, daka*, naye ayarudie. Akichanganya mengi, na hasa kama sikio huwa linamuuma au kutoa maji, usisubiri muhula uishe.